Kompyuta ya zamani ya gemu haipigwi Windows yoyote tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipinge ushauri mmoja anaopewa kila anayefufua kompyuta ya zamani ili achezee magemu ya enzi zake: "Piga Windows XP, yaishe." Kwa baadhi ya mashine ushauri huo ni sawa. Kwa nyingine ni kazi bure, na mwenye mashine hagundui mpaka amekwisha kusakinisha, amefungua gemu, na gemu linacheza huku limekaa kimya kama limemwagiwa maji.

Ukimya huo una sababu. Gemu la DOS, mfumo wa amri za maandishi uliotangulia Windows, haliombi ruhusa kwa mtu. Limeandikwa likijua kadi ya sauti inakaa anwani 220 na inaita kwa namba 5, basi linaiendea moja kwa moja. Windows XP ni mtoto wa Windows NT, na katika ukoo huo hakuna programu inayogusa kifaa bila kupitia kwa mfumo. Ndani yake mna kipande kinachojifanya DOS na kuigiza Sound Blaster 2.0, kadi ya kizazi cha nyuma kuliko ile iliyotegemewa na magemu mengi ya katikati ya miaka ya 1990. Matokeo yake ni sauti inayokwaruza, muziki unaopotea, au gemu linaloganda kwenye skrini nyeusi. Hata uweke kadi nzuri namna gani, XP haitaliacha gemu la DOS liifikie.

Kwa hiyo tusianze na GHz, yaani kasi ya prosesa. Tuanze na magemu yanayotakiwa na mwaka wa kila moja. Prince of Persia ya 1990 na Doom ya 1993 ni za DOS. Need for Speed II SE ya 1997, Unreal na Half-Life za 1998 zimezaliwa zama za Windows 95 na 98. GTA Vice City, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2003, inakubali 98 na inakubali XP. San Andreas ya 2005 haiitaki 98 kabisa. Mtu anayetaka Doom na San Andreas kwenye sanduku moja anataka mifumo miwili, na nitaeleza njia ya kumpa yote miwili bila kuharibu chochote.

Swali la pili linajibiwa kwa bisibisi. Fungua ubavu wa sanduku uangalie sloti za mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kadi zote. Sloti ndefu nyeusi ni ISA, nyeupe fupi ni PCI, na ile ya kahawia iliyorudi nyuma kidogo ni AGP. Ukiona ISA hata moja, umepata mashine ya DOS na Windows 98, maana kadi ya sauti ya ISA ndiyo ambayo magemu ya DOS yanaijua bila mkalimani. Masanduku ya ofisini ya Pentium 4 yaliyojaa katika maduka ya mitumba kwa kawaida hayana ISA. Hayo ndiyo ya XP, wala hakuna sababu ya kuyalazimisha kuwa kitu kingine.

Kwa 386, 486 na Pentium za mwanzo hakuna mjadala: ni DOS tupu. MS-DOS 6.22 ya mwaka 1994 ndiyo iliyozoeleka. Inajua FAT16 pekee (namna ya kupanga mafaili kwenye diski), na sehemu moja ya diski haizidi GB 2. Asiye na nakala halali atumie FreeDOS, mradi ulioanza mwaka huohuo wa 1994. Ni ya bure kisheria, inasoma FAT32, mrithi wa FAT16, na magemu mengi hayaoni tofauti. Kuna wanaosema Microsoft imeiachia DOS yote huru. Si kweli: msimbo iliouachia mwaka 2024 ni wa toleo la 4.00, na 6.22 haimo.

Kinachowatoa watu jasho kwenye DOS si kasi, ni KB 640. Mashine inaweza kuwa na RAM ya MB 64, na gemu likalalamika kuwa kumbukumbu haitoshi. Halisemi uongo. DOS huendeshea programu katika KB 640 za mwanzo, na draiva (programu za kuendeshea vifaa) za sidi, kipanya na sauti zote zinajazana humohumo. Dawa ni kuzipandisha juu. Katika faili la CONFIG.SYS, ambalo DOS hulisoma inapowaka, mistari mitatu ya kwanza iwe hii, kwa mpangilio huuhuu:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Baada ya hapo kila DEVICE igeuzwe DEVICEHIGH, na katika AUTOEXEC.BAT kila programu inayobaki kwenye kumbukumbu itanguliwe na LH. Draiva ya kipanya iliyokuja na kipanya chenyewe itupwe, iwekwe CTMOUSE, ambayo ni ya bure na ni ndogo mno. Kisha andika MEM /C usome mstari wa chini unaotaja ukubwa wa programu inayoweza kuendeshwa. Ukipata KB 600 kwenda juu, magemu karibu yote yataridhika. Gemu likidai kumbukumbu ya EMS, neno NOEMS libadilishwe kuwa RAM. Wapo wakaidi: Ultima VII ya 1992 ina msimamizi wake wa kumbukumbu na haitaki hata kuiona EMM386. Kwa ajili ya hao DOS 6 inaruhusu menyu ndani ya CONFIG.SYS, mtu akachagua anapowasha: na EMM386, au bila.

Kadi ya sauti nayo ina mstari wake. Kwa Sound Blaster 16 huwa ni SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6, na kila herufi ina maana: A ni anwani, I ni namba ya kukatiza, D na H ni njia za DMA (za kupitishia data bila kuisumbua prosesa) za sauti ya biti 8 na biti 16, P ni anwani ya MIDI (muziki wa noti), T ni aina ya kadi. Gemu likitoa mlio wa kwanza kisha likaganda, au likarudia kipande kilekile cha sauti kama sidi iliyokwaruzwa, mara nyingi namba ya I imegongana na kifaa kingine. Namba 7 ni ya poti ya printa, kwa hiyo usiipe kadi. Namba 5 nayo huporwa na kadi za PCI. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya bodi, hufunguliwa mashine inapowaka), ukurasa wa PCI, itenge IRQ 5, ndiyo hiyo namba ya I, kwa ajili ya "Legacy ISA". Watu wamebadilisha kadi tatu za sauti kwa kosa ambalo dawa yake ni kubonyeza vitufe vinne.

Wakati mwingine kasi yenyewe ndiyo ugonjwa. Magemu yaliyotengenezwa kwa Turbo Pascal, zana ya kuandikia programu, hufa na ujumbe wa "Runtime error 200" kwenye prosesa zenye kasi ya kuanzia kama MHz 200. Yanapoanza hupima kasi ya mashine kwa kuhesabu mizunguko, jibu linakuwa kubwa kuliko nafasi liliyotengewa, na hesabu ya kugawanya inavunjika. Kuna viraka vya kurekebisha faili la gemu. Njia ya haraka zaidi ni kuzima kachi (kumbukumbu ndogo ya kasi) ya ndani ya prosesa kwenye BIOS, na Pentium III inageuka kobe mara moja.

Sasa Windows 98. Ikiwa mashine ni Pentium II au III, au Athlon za mwanzo, weka Windows 98 Toleo la Pili, lile la 1999, na usikubali kubadilishiwa. Chini yake kuna DOS 7.1 halisi, si ya kuigiza, nayo inasoma FAT32. Shikilia F8 wakati wa kuwaka, chagua mstari wa amri pekee, na uko kwenye DOS. Anayetaka kuanzia huko kila siku afungue faili la MSDOS.SYS, aandike BootGUI=0, halafu aite Windows kwa neno WIN anapoihitaji. Faili hilo limefichwa na limefungwa, kwa hiyo kwanza ni ATTRIB -R -S -H C:\MSDOS.SYS. Ndiyo maana nasema toleo hili ni mifumo miwili kwa bei ya mmoja. Windows Me ya mwaka 2000 ilifunga mlango huohuo, na kwa anayefuata magemu hapo hadithi yake imekwisha. Windows 95 nayo ina mitego, mmojawapo ni kukataa kuwaka kwenye AMD K6-2 za MHz 350 na zaidi mpaka iwekewe kiraka.

Kuisakinisha kuna utaratibu wake. Washa kwa flopi au sidi ya kuanzishia, endesha FDISK, na ikiuliza kuhusu diski kubwa jibu Y. Hapo ndipo FAT32 inapochaguliwa, na ukijibu N utabaki na sehemu za GB 2. Fomati kwa FORMAT C: /S. Kisha, kabla ya kusakinisha, nakili folda yote ya WIN98 kutoka kwenye sidi kwenda C na uendeshe SETUP kutoka humo. Bila hivyo kila draiva utakayoweka itadai sidi, na visomasidi vya umri huo vinachoka. Ikimaliza, draiva ya chipseti (chipu zinazoongoza bodi) ndiyo ya kwanza: Intel INF kwa bodi za Intel, 4in1 kwa bodi za VIA. Ndipo ifuate DirectX (programu ya Microsoft inayotegemewa na magemu), kadi ya picha, na sauti mwisho. Mpangilio huu si ushirikina. Bila draiva ya chipseti Windows haiielewi sloti ya AGP, na kadi ya picha itafanya kazi kwa nusu ya uwezo wake au itagandisha mashine kila gemu la 3D linapofunguka.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye 98 ni la ukarimu: watu wanaijaza RAM. MB 256 zinatosha, na 512 ndiyo kikomo cha amani. Zikizidi, kachi ya mafaili inajitanua hadi inamaliza nafasi ya anwani ya mfumo, na Windows inakuambia kuwa kumbukumbu haitoshi kuwasha ilhali una GB nzima. Kung'oa kipande kimoja ndilo suluhisho bora. Asiyetaka afungue SYSTEM.INI, chini ya [vcache] aandike MaxFileCache=262144, na chini ya [386Enh] aandike MaxPhysPage=30000. Namba hiyo ya pili ni ya mfumo wa hesabu wa kumi na sita, na inaizuia Windows isivuke MB 768.

Diski nayo ina ukuta wake. Draiva ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski) iliyo ndani ya 98 haijui kuhesabu zaidi ya GB 137. Diski ya GB 160 itaonekana nzima, itafanya kazi miezi, na siku data itakapovuka mpaka huo uandishi utarudi mwanzo wa diski na kufuta jedwali la mafaili. Hakuna onyo. Bodi nyingi za mwaka 1999 na kurudi nyuma zina kikomo cha chini zaidi, GB 32, na hapo mashine huganda inapoitambua diski, kabla hata ya kufika kwenye mfumo.

Kuhusu kadi za picha nitasema machache. Magemu ya 1996 hadi 1999 mengi yaliandikwa kwa Glide, lugha ya kadi za Voodoo za 3dfx, kampuni ambayo mali zake zilichukuliwa na NVIDIA. Kama una Voodoo, 98 ndiyo nyumba yake. Voodoo ya kwanza na Voodoo2 hazionyeshi Windows yenyewe. Zinahitaji kadi ya kawaida pembeni na waya mfupi wa VGA wa kuziunganisha nje ya sanduku, na waya huo ukikosekana mtu hudhani kadi imekufa. Kwa NVIDIA, usipite GeForce FX. Kuanzia GeForce 6 uwezo wa kusoma picha za rangi 256 zenye jedwali uliondolewa, na baadhi ya magemu ya 1997 na 1998 huonyesha kuta nyeupe au nyeusi tupu.

XP inastahili nafasi yake, na mahali pake ni Pentium 4 na Athlon XP kwenda juu, RAM ya GB 1 au 2, magemu ya 2001 hadi karibu 2006. Kwa magemu hayo inashinda hata Windows mpya. Windows Vista ilipoingia baada ya XP ilikata njia ya gemu kuifikia kadi ya sauti kwa ajili ya 3D, kwa hiyo mwangwi wa EAX, ule wa nyayo kusikika tofauti ndani ya pango na nje, ulibaki XP. Sidi zilizolindwa zisinakiliwe kwa SafeDisc nazo hazikubali Windows 10, kwa kuwa draiva ya ulinzi huo iliondolewa. Ukiisakinisha kwenye bodi yenye SATA (iliyorithi IDE) na ukakutana na skrini ya bluu ya 0x0000007B, mashine haijaharibika: sidi ya XP haina draiva ya AHCI, namna ya kuzungumza na diski za SATA. Rudi BIOS, geuza SATA iwe IDE, endelea. Ukitumia SSD, igawe kwanza kwenye kompyuta mpya ili sehemu ianzie kwenye MB ya kwanza. XP ikiigawa yenyewe huanzia sekta ya 63, na kila inapoandika inagusa kurasa mbili badala ya moja. Masanduku mengi ya ofisini yana stika ya leseni ya XP Professional ubavuni. Tumia sidi ya chapa ileile na hutaombwa kuthibitisha. Zile sidi zilizochakachuliwa, zenye mapambo na programu hamsini za bure, ziache hukohuko zilikotoka.

Linux tusiidharau, ila tusiitwishe mzigo usio wake. Toleo jepesi la biti 32 kama antiX litaifanya Pentium 4 iandike barua na kusoma mafaili vizuri. Lakini magemu ya DOS utayaendesha kwa DOSBox, ambayo inaigiza prosesa nzima kwa programu, na Pentium III ikiigiza hivyo haifikii hata Pentium ya kwanza. Mwenye laptopu ya miaka hii na shida ya Doom pekee aweke DOSBox humo na aachane na bisibisi.

Nirudi kwa yule wa Doom na San Andreas. Mafundi hugawa diski moja mara mbili na kuweka 98 na XP pamoja. Inawezekana, mradi 98 itangulie, maana ikiwekwa nyuma inafuta kiwashio cha XP. Lakini kosa moja linaua mifumo yote miwili. Njia safi ni kadi ya CompactFlash (CF), ile kadi ya kumbukumbu ya kamera. Pini zake zinazungumza IDE bila kibadilishi chochote cha akili. Adapta ni kipande cha plastiki na waya, na ile ya kufungwa nyuma ya sanduku inakuwezesha kuchomoa kadi kutoka nje. Kadi moja ni ya DOS, nyingine ya 98, na XP ibaki kwenye diski yake, kwa sababu kadi nyingi za CF hujitambulisha kama kifaa cha kuchomolewa na XP huleta matata ikizikuta hivyo. Kadi ya GB 8 au 16 inatosha sana. Faida ya ziada ni kwamba 98 haizijui flashi za USB bila draiva ya kuongezewa, ila kadi unaichomeka kwenye kisomakadi cha kompyuta nyingine na kunakili magemu kwa dakika mbili. Kadi haichomolewi mashine ikiwa na umeme, hata kama imezimwa kwa kitufe. Chomoa waya ukutani.

Na umeme wenyewe ni sehemu ya uamuzi huu. FAT16 na FAT32 hazina kumbukumbu ya shughuli. Umeme ukikatika gemu likiwa linahifadhi, jedwali hubaki nusu. NTFS ya XP hujirekebisha vizuri zaidi. Kwa hiyo kwenye DOS na 98 usiruke ScanDisk, programu ya kukagua diski, inapojitokeza baada ya kukatika umeme, na kama unatumia SMARTDRV (kachi ya diski ya DOS) iite kwa SMARTDRV /X, ili isishikilie data ambayo bado haijaandikwa kwenye diski. Bila UPS, hilo neno dogo ndilo linalookoa magemu uliyohifadhi.

Kabla ya hayo yote, angalia bodi. Betri ya CR2032 ibadilishwe, maana ikifa BIOS inasahau mipangilio yote niliyotaja. Kwenye 386 na 486 tafuta betri ya pipa iliyolehemiwa. Ikiwa imevuja ukungu wa kijani au wa buluu, ikate leo, safisha kwa siki kidogo kisha spiriti, kwa sababu uchafu huo unakula nyaya za bodi hata mashine ikiwa imezimwa. Kwenye bodi za 1999 hadi 2007 kagua kapasita zinazoizunguka prosesa. Zilizovimba kichwani zibadilishwe kwa zenye uF zilezile na volti sawa au zaidi, aina ya ESR ndogo (ukinzani mdogo wa ndani). Mashine inayojizima katikati ya usakinishaji wa XP mara nyingi ina ugonjwa huu, na hakuna Windows ya kuutibu. Kwetu mwambao, ambako chumvi ya hewani inatia kutu kila kitu, meno ya RAM na ya kadi yafutwe kwa raba ya penseli na spiriti kabla ya kulaumu draiva yoyote.

Intaneti isiunganishwe. Msaada wa Windows 98 ulikoma 11 Julai 2006, na wa XP 8 Aprili 2014. Draiva zipakuliwe kwenye kompyuta nyingine, zikaguliwe virusi huko, zipelekwe kwa kadi au sidi, na kila kadi iandikwe kwa kalamu ya wino mzito mfumo uliomo, kwa kuwa kadi mbili za GB 8 zinafanana, na atakayeifomati siyo atakuwa amefuta Windows 98 yake yote.

Fundi na msomaji wako,
Tanga